Mla Nyama Aliyelalia Mayai

Mama yangu alinyonyoa kuku maisha yake yote na hakuwahi kuonja hata bawa, wala yai. Ndivyo nilivyoamini mpaka nikawa mtu mzima. Kwetu, upande wa Butiama, wanawake wa rika lake hawakula kuku wala yai. Walinyonyoa, wakapika, wakapakua, kisha wakakaa jikoni na ugali na mlenda wao kusubiri wanaume wamalize. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa ni mwiko. Ukiuliza mwiko wa nini, unaambiwa mwanamke akila yai hatazaa, au atazaa mtoto asiyekaa. Ukiuliza mara ya tatu unazabwa kofi. Mimi nilizabwa. Nadhani ndiyo maana nikawa mwalimu wa baiolojia, maana swali likinikwama sina amani mpaka nilitapike.

Mama alianza kutokwa na damu wakati umri wa kutokwa na damu ulishapita zamani, na akanyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nenda kamwambie hivyo mama wa Butiama. Alifunga kanga mbili, akaenda kupalilia mihogo. Aliyenipigia simu ni shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba, ambaye alikuwa anaishi na mama mji mmoja, boma moja. Shangazi hakuwa na mtoto aliye hai. Alikuwa na mama tu, na mama alikuwa na yeye, na waligombana kutwa nzima juu ya chumvi, juu ya kuni, juu ya mbuzi wa jirani. Akaniambia kwa sauti yake ya kuamuru: njoo umchukue mama yako, anakauka.

Niliwaleta wote wawili Musoma, kwenye vyumba viwili nilivyopanga Nyasho. Shangazi hakualikwa, alipanda gari tu na furushi lake. Alisema hawezi kumwacha mgonjwa kwa mtu anayeshinda Bunda. Hapo alikuwa na haki, kwa sababu nilikuwa nafundisha sekondari huko Bunda, natoka alfajiri na basi narudi jioni. Hospitali wakasema ni uvimbe kwenye kizazi, unatakiwa kutolewa haraka, lakini damu yake iko chini mno. Mdogo wangu wa kiume alitoa damu, na mimi nikatoa. Daktari akasema hiyo ni ya kumshikilia tu, mwili wenyewe lazima ule. Akasema mbele ya mama, bila kuzunguka: asipokula, tutamfungua na hataamka.

Basi tukaanza kumlisha. Maini aliyatapika. Nyama ya ng'ombe aliitafuna nusu saa akaitema kwenye kiganja. Samaki aina ya sato alimtapika kabla hajafika tumboni, dagaa hata harufu tu ilimtoa nje, na maziwa, yeye aliyelelewa na maziwa, yakamharisha. Nilimpa mchicha, akala vijiko viwili kwa kunionea huruma. Niliporudi kwa daktari akaniuliza kama tumejaribu mayai na supu ya kuku, maana tumbo la namna hiyo mara nyingi hupokea vitu hivyo. Nyumbani nilimweleza mama, sikufika mwisho. Alikuwa ameshageukia ukutani.

"Mimi kuku silagi," alisema.

Nilikasirika, sitaki kudanganya. Nilimkasirikia mama, nikamkasirikia shangazi aliyekaa miguuni pake akitikisa kichwa kuunga mkono, nikawakasirikia na wazee waliokufa zamani ambao walijiwekea kitoweo kizuri wakatuachia sisi manyoya. Nilisema yote hayo kwa sauti, na jirani akafunga dirisha lake. Shangazi akaniambia nimesoma mpaka nimekosa adabu. Mama alivuta kanga mpaka kidevuni. Mikono yake ilikuwa imepauka kiganjani, rangi ya mihogo iliyomenywa, na ilikuwa baridi saa saba mchana, Musoma, jua likiwaka.

Wiki hiyohiyo, kwenye chumba cha walimu, mwenzangu wa jiografia alinionyesha habari kwenye simu. Huko nchi za mbali walikuwa wamechimbua dinosaria wa ajabu. Alikuwa mla nyama, mdogo, umbo halimzidi mbuzi, mwenye meno ya msumeno na kucha za kurarua, na mwili mzima ameota manyoya mpaka miguu ya nyuma. Alama zake zilibaki kwenye jiwe, unyoya mmoja mmoja. Lakini mikono yake ilikuwa mifupi, isingemwinua hata juu ya kichuguu. Nikawapelekea kidato cha tatu. Kijana mmoja wa Kisorya, mbishi kupindukia, akauliza: mwalimu, kama haruki, manyoya ya nini? Nikawaambia ndilo swali lenyewe. Manyoya hayakuanza kwa ajili ya kuruka. Yalianza kama nyuzi nyembamba za kumtunzia mnyama joto, au za kujipambia, baadaye za kufunika mayai. Kuruka kulikuja nyuma sana. Na hawa kuku wanaochakura nyuma ya jiko la shule, nikawaambia, ndio ukoo wake uliobaki.

Kwenye basi la kurudi nikapata akili, au nilichodhani ni akili. Kumbe ndiyo hayo yanayompata mtu anayeshinda na vitabu. Nilijiambia kwamba mwiko ni wa kuku. Nikimwonyesha mama kwamba kuku si kitu cha pekee, ni kizazi tu cha wanyama wa kale, waliokula nyama kama simba wanavyokula huko mbugani, mwiko utakosa pa kushika.

Nilikaa kitandani nikampa simu aone mchoro. Nikaeleza yote, meno, kucha, manyoya, nikamalizia kwamba kuku ni mjukuu wa huyu. Shangazi akanyoosha shingo kutoka kwenye mkeka wake. Akatazama mchoro kwa muda, akatazama mkia, akatazama meno.

"Kwa hiyo unataka mama yako ale kenge," alisema.

Nikajaribu kusema si kenge. Akaniuliza ana magamba au hana. Nikasema miguuni anayo. Akaniuliza kuku miguuni ana nini. Basi, kazi ikaisha. Kwa mtu wa kwetu kenge ni kinyaa kuliko mwiko wowote, na mimi kwa mdomo wangu mwenyewe nilikuwa nimemtia kenge ndani ya kuku. Siku mbili mama hakukubali hata uji niliopika mimi, akihofia nimeuchanganya na supu. Alikunywa wa shangazi tu. Shangazi akatembea nyumbani kwangu kifua mbele, akiniita Mwalimu wa Kenge, na mimi nikafua mashuka yenye damu uani nikilia kwa hasira.

Lakini mama hakuisahau ile picha. Jumamosi shangazi alipokwenda sokoni Nyasho kutafuta ndizi, mama aliniita. Alikuwa amejifunika blanketi mbili.

"Yule mjusi wako," alisema. "Yale manyoya, umesema alikuwa anasikia baridi?"

Nikamwambia ndiyo, wengi wanadhani hivyo, kwamba yalianza kwa ajili ya joto. Akasema anamwelewa. Kuku ukimnyonyoa, akasema, yale makubwa yanatoka kirahisi, ila yale madogo ya chini, laini, yanang'ang'ania mpaka mwisho, na alikuwa akijiulizaga kwa nini. Akacheka kidogo, kikohozi zaidi kuliko kicheko. Nilifurahi kumsikia akicheka, nikaendelea kuongea ili asinyamaze, na ndivyo nilivyofika kwenye mayai. Nikamwambia jamaa za yule mnyama walishawahi kukutwa ndani ya mwamba wamelala juu ya mayai yao, mikono imetandazwa pembeni kuyafunika kwa manyoya. Walikufa hivyohivyo, wamelalia.

"Wakafa?"

"Mchanga uliwafunika, Mama. Au dhoruba. Hawakuondoka."

"Na mayai?"

"Yalikufa nayo."

Akaishika simu kwa mikono miwili, nikamtafutia picha ya jiwe lenyewe. Mifupa ilikuwa imejikunja duara, na mayai yamepangwa chini yake. Alilitazama mpaka mwanga wa simu ukazimika, akaniambia niuwashe tena.

"Alikula nini?" aliniuliza.

Sikumwelewa. Nikamwambia huenda alikula nyama, mijusi, wadudu.

"Sikuulizi hivyo. Huyo mama alikula kitu gani kibaya, hata watoto wake wakafa?"

"Hakula kitu kibaya. Mchanga ulianguka tu."

Ndipo akaniambia. Nilijua nilikuwa na kaka aliyenitangulia, aliyekufa mdogo kwa homa, na kwetu hilo si jambo geni, kila mji una kaburi la namna hiyo. Nilichokuwa sikijui ni kilichotangulia. Mwaka wa mimba ile kulikuwa na njaa, mahindi yalikauka yakiwa yamefika magotini. Mama alikuwa bibi harusi mgeni, msichana wa kutoka Nyamuswa asiyejua hata njia ya kisimani. Kuku wa mkwe wake alikuwa anataga nyuma ya ghala. Siku moja alichukua yai, akalifukia kwenye majivu ya moto, akalila amesimama, moto mdomoni, haraka, kabla mtu hajaja. Wifi yake, yaani shangazi yangu huyu, akaliona ganda kwenye majivu. Hakusema kitu. Mtoto akazaliwa, wa kiume, mzima, akajifunza kukaa, akajifunza kucheka. Kisha homa ikamchukua usiku mmoja. Siku ya kuzika, wanawake walipokuwa wakisema hatujui imekuwaje, shangazi akasema: mwulizeni mama yake alikula nini.

"Tangu siku hiyo najuaga ni mimi niliyemuua," mama alisema. "Kila nikinyonyoa kuku nilikuwa namwona."

Wiki zote hizo nilikuwa napigana na mwiko kama mtu anayepigana na ukuta, na kumbe nyuma ya ukuta kulikuwa na mtoto. Nilimshika mikono ile baridi. Nikamwambia ilikuwa homa, malaria, ambayo miaka ile iliua watoto wa waliokula mayai na wa wasiokula. Nadhani hata hakunisikia, alikuwa bado analitazama lile jiwe.

"Kwa hiyo kuna wanaokufa bure tu," alisema. "Mama yao amewalalia, na wanakufa."

"Ndiyo, Mama."

Akanirudishia simu. Akasema nimchemshie yai.

Nilichemsha, nikalimenya, nikalitia chumvi. Alilishika muda mrefu. Alipouma, machozi yakamtoka, akatafuna huku yakishuka, akameza, akasubiri. Halikurudi. Akauma tena. Alipomaliza akapangusa vidole kwenye blanketi, akaniambia halina hata ladha. Akasema lile la kwanza lilikuwa tamu kuliko kitu chochote alichowahi kula, na hili halina hata ladha.

Shangazi aliporudi akaona maganda. Safari hii hayakufichwa majivuni, niliyaacha juu ya meza makusudi. Aliyatazama, akamtazama mama, akaweka ndizi chini, na tangu siku hiyo akahamishia mkeka wake chumba cha pili. Alimwogesha mama kama kawaida, alimbadilisha nguo, alimwinua. Lakini hakula tena kwenye sahani zangu, alikula kwenye kifuniko cha sufuria yake aliyokuja nayo. Mama akawa anakula mayai, kisha supu, kisha nyama ya kuku yenyewe, kidogo kidogo, mpaka rangi ikarudi ndani ya kope. Daktari alipopima akatikisa kichwa kwa kuridhika, akatupangia siku. Nilirudi Nyasho nikiimba njiani kama mlevi.

Walimfungua, wakamfunga. Daktari alituita mimi na mdogo wangu kwenye korido akatuambia uvimbe umeshasambaa, umeshika vitu ambavyo haviwezi kukatwa. Alizungumza taratibu safari hiyo, na upole wake ndio ulionitisha. Tulimrudisha mama Butiama, kwa sababu alitaka kulala kwenye chumba chake. Alikula yai lake kila asubuhi mpaka alipoacha kumeza kabisa. Alifariki asubuhi ya mvua, shangazi akimwosha miguu, na shangazi akaendelea kuiosha mpaka akamaliza, ndipo akatuita.

Wakaja watu wa kanisani, watu wa ukoo, wa mama kutoka Nyamuswa, walimu wenzangu kutoka Bunda. Uwanja ukajaa. Na maneno nayo yakajaa, maana kwetu msibani watu hula ugali na sababu. Nilikuwa nimeinama juu ya sufuria nyuma ya nyumba niliposikia wanawake wakisema mgonjwa alikuwa ameanza kupata nafuu, hatujui imekuwaje. Na nikasikia sauti ya shangazi, tulivu, ya mtu anayeeleza njia ya sokoni.

"Mwulizeni mwanawe alimlisha nini."

Nilisimama na mwiko wa kusongea ugali mkononi. Namshukuru Mungu kwamba mdogo wangu alikuwa karibu, akanishika kiuno. Ningempiga mwanamke mzee kwenye msiba wa mama yangu, na mpaka leo ningekuwa ninasimuliwa. Walionisogelea baada ya hapo walinisalimia wakiangalia pembeni. Wawili watatu waliniuliza kwa upole kama ni kweli. Nikawaambia ni kweli, na alikula kila siku, na ningeweza ningemlisha banda zima la kuku. Hiyo haikunisaidia.

Tulizika. Siku ya kuanua matanga watu wakatawanyika, mdogo wangu akawasindikiza wa Nyamuswa mpaka barabarani kwenye bodaboda, na mimi nikabaki nasugua masufuria kwa mchanga. Nilikuwa nimeapa kwamba nikimaliza nitapanda gari na sitakanyaga tena mji ule shangazi akiwa hai. Akaja, akavuta kigoda, akakaa mbele yangu. Sikumwamkia.

"Nionyeshe yule kenge," alisema.

Nikamwambia simu haina chaji. Akasema ameiona ikiwaka. Nikafuta mikono, nikamtafutia ile picha ya jiwe, si kwa wema, nilitaka aone alichokuwa anakidhihaki. Aliiweka mbali na uso jinsi wafanyavyo wazee. Akauliza yapi ndiyo mayai. Nikamwonyesha. Akauliza kama ni kweli mama aliambiwa mnyama yule hakufanya kosa lolote. Kumbe mama alimsimulia, huku Butiama, siku za mwisho, wakati mimi nilikuwa darasani.

Akaniambia: "Mimi sijaonja yai mpaka leo. Wala mchuzi. Na watoto wangu wote wako pale chini ya miti ya minyaa."

Nilijua yale makaburi. Nilichungia mbuzi juu yake nilipokuwa mdogo. Sikuwahi hata mara moja kuyaweka pamoja na lile ganda la yai, na yeye je, mwenye makaburi, naye hakuwahi?

"Mama alikuwa analijua hilo?"

"Tulizika naye. Ndiye alikuwa ananishikaga nisianguke."

Hapo kichwa kilinipanda moto kabisa. Nikamuuliza kwa nini basi alimwacha mama abebe miaka yote ile. Alikuwa analala naye nyumba moja, anakoroga naye uji mmoja, anajua kabisa kwamba yeye hakula na wake walikufa vilevile, na hakufungua mdomo. Nikamwita majina ambayo sitayaandika. Hakujitetea. Alikuwa bado ameikodolea macho simu.

"Ningemwambia nini?" alisema. "Kama si yai, basi ni nini?"

Nilitaka kumjibu kwa ukali, lakini nilipomtazama nikaona ananiuliza kweli. Alikuwa anasubiri, amekunja shingo, macho kwangu, kama wanafunzi wangu wanavyosubiri.

"Ilikuwa homa, Shangazi," nilimwambia. "Ya mbu. Ndiyo iliyomchukua kaka yangu, na wako."

"Ya mbu," alisema.

Msiba mzima hakuwa ametoa chozi, na watu walikuwa wamelisema hilo pia. Sasa alijikunja juu ya kigoda akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima, akiwaita watoto wake kwa majina, mmoja baada ya mwingine, majina ambayo hakuna aliyenitajia maisha yangu yote, na katikati yao akamwita na yule kaka yangu. Bado nilikuwa namchukia. Nilipiga magoti kwenye mchanga wa masufuria nikamshika asianguke. Alilia mpaka majirani wakarudi mbio kutoka barabarani, wakisukumana uani, wakiuliza nani tena amefariki.